Nimehama fegi kwenda vepu (sigara ya umeme), miezi minne sasa hapa Tabora

Kwanza mjue anayeongea ni nani. Mi ni seremala, karakana yetu iko Cheyo, na fegi nimevuta miaka kumi na saba, siku za kawaida kumi mpaka kumi na mbili, zile siku za kukimbizana na kitanda cha mtu anayeoa Jumamosi pakiti inaisha na naanza kusumbua wenzangu. Sikio la kulia penseli, la kushoto fegi, ndo nilivokuwa naingia kazini. Kwa hiyo hapa haongei kijana wa kupuliza miduara apigwe picha, anaongea mtu aliyechoka kuamka saa kumi usiku anakohoa mpaka mke anauliza, baba watoto, sasa we utatuzika au tutakuzika.

Hapa mjini sikupata duka la kueleweka, nikaagiza kwa jamaa mmoja wa Dar anauza mtandaoni, jina namhifadhia maana kuna mahali nitamsema. Kifaa 60,000, juisi (yale maji ya nikotini yanayogeuka mvuke) chupa ya mililita 30 ni 25,000, nauli ya mzigo 5,000, kesho yake jioni konda kapiga simu nikaenda stendi kuchukua bahasha. Ni hizi vepu za podi (kikopo cha juisi cha kubadilisha), ndogo, inaenea kiganjani kama flashi iliyonenepa, betri ya mAh 650, podi inabeba mililita 2, haina kitufe, ukivuta inajiwasha. Inachajiwa kwa waya ule ule wa simu. Muonekano sina neno nao, imetulia.

Sasa jamaa. Niliomba juisi ya miligramu 20 za nikotini kwa mililita, akanitumia ya 50 bila kusema kitu, na mi sikusoma, nani anasoma vichupa. Yaani Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya hiyo 20 kwa mililita ndo mwisho wao kisheria, 50 ni mambo ya Marekani huko. Mi nikaivuta kama fegi, pafu saba nane za haraka haraka nimeegemea benchi la kupigia randa, mara kichwa chepesi, miguu imeisha, jasho, halafu kwikwi. Kwikwi ya robo saa nzima, dogo wetu wa kazi ananiletea maji huku anacheka mpaka machozi. Kumpigia muuzaji anasema "kaka hiyo ndo inaenda sana". Hela hakurudisha. Chupa niliiweka juu ya kabati kabisa watoto wasifike, maana ile mtoto akiinywa ni sumu, hapo sitanii.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba kuvuta kwenyewe unajifunza upya. Fegi unavuta kifupi na kwa nguvu, ukiikazania inakupa zaidi. Hii ukiikazania inakukomesha, koili (kile kijiwaya cha ndani ya podi kinachopata joto) inafurika, juisi inapanda mdomoni chungu kama umelamba betri na unaisikia inachacharika kama chapati kwenye mafuta. Inataka taratibu, sekunde tatu nne, kama unakunywa uji wa moto kwa mrija, unajaza mdomo kwanza ndo unashusha. Na podi mpya usiiwashe hapo hapo, jaza, kaa dakika kumi ile pamba ya kwenye koili inywe. Mi ya kwanza niliiunguza siku hiyo hiyo, ladha yake ni kama umevuta godoro.

Haya, sasa mikono. Nikotini ilishatulia wiki ya pili, nilipopata juisi ya 20, ile arosto ya kukufanya ugombane na mteja sikuwa nayo. Lakini mikono ilikuwa inahangaika kama ya mtu aliyepoteza simu, napapasa mfuko wa shati, napapasa sikio, naokota msumari nauzungusha. Kumbe fegi ina kazi nyingi kuliko nilivodhani. Unaitoa, unaigongagonga kwenye kucha ya dole gumba tumbaku ishuke, unaibana mdomoni haijawashwa unaongea nayo hivo hivo, unatafuta kiberiti, unakinga upepo kwa viganja viwili umeinama kama unaomba dua, unavuta ile ya kwanza yenye ladha ya njiti (hiyo mi ndo naipenda kuliko zote, hata leo), kisha majivu, kisha kiatu. Vepu inakupa kazi moja tu, peleka mdomoni. Haina kuanza wala haina kuisha.

Na huko kutoisha ndo kumenitesa. Fegi ilikuwa saa yangu. Nikishapaka gundi nikabana mbao natoka nje, fegi moja, dakika tano sita, nikirudi ile gundi iliyochuruzika pembeni imeanza kushika naikwangua safi. Miaka yote hiyo sijawahi kuangalia saa kwa ajili ya gundi. Wiki ya kwanza ya vepu nikatoka, nikavuta, nikapiga stori na boda wa pale kijiweni, nikavuta, stori imenoga, nikavuta tena, kurudi gundi imekuwa jiwe na hiyo ni milango ya kabati la mninga, mbao ya bei, ikabidi nitumie patasi na patasi ikala mbao. Nimeziba kwa vumbi la mbao na gundi, mteja hajaona lakini mi kila nikipita kwake jicho linaenda pale pale. Siku hizi nahesabu. Pafu kumi na mbili kwa vidole kama mtu wa tasbihi, ya kumi na mbili inarudi mfukoni hata kama utamu ndo unaanza. Nisipohesabu nashtukia podi imekauka saa sita mchana.

Nadhani hata waliobuni walilijua hili. Yule mfamasia wa China, Hon Lik, aliyetengeneza hizi za kisasa mwaka 2003, naye alikuwa mvutaji na baba yake alikufa kwa kansa ya mapafu, na zile za mwanzo zilifanywa zifanane na fegi kabisa, nyeupe, upande wa mdomo rangi ya kichungi, mbele kitaa kinawaka ukivuta. Nilikuwa nazicheka zile. Sicheki tena, kile kitaa kilikuwa kwa ajili ya jicho, jicho nalo lina arosto yake.

Halafu kuna moto. Mei nilienda stesheni kumpokea baba mdogo anatoka Urambo, treni imechelewa kama kawaida, watu wamekaa juu ya mizigo, mzee mmoja akanijia na fegi mdomoni.

"Mwanangu, naomba moto."

Zamani ningemsogezea yangu tugusanishe ncha, na mpaka treni inaingia ningeshajua anaenda wapi, ana wajukuu wangapi na mahindi huko gunia bei gani. Sasa mi nimeshika kidude cha kijani. "Shikamoo mzee. Hii haina moto." Akakiangalia, akaniangalia. "Marahaba. Sasa unavuta nini?" Akaenda kwa mwingine, wakakaa, wakaongea mpaka treni ikaja. Niliumia kijinga tu, yaani mtu mzima unaonea wivu watu wawili waliopeana kiberiti. Toka siku ile natembea na kiberiti mfukoni, sio cha kwangu, cha kuombwa.

Baba mdogo aliposhuka nikajitia kumwelezea, baba hapa hakuna kinachoungua, ni mvuke tu, ndo maana lami haiingii mapafuni. Nilimkosea heshima bila kujua, maana yule analima tumbaku tangu hatujazaliwa. Kwa wasio wa huku, tumbaku yetu ya Virginia inaitwa tumbaku ya mvuke, moto unawaka kwenye tanuru nje, joto linapita ndani ya bani (banda la kukaushia) kwenye mabomba ya bati na moshi haugusi jani hata kidogo, unachochea kuni usiku na mchana karibu wiki nzima, kwanza jani linaiva njano, kisha linakauka, mwisho kikonyo. Ile ya kupigwa moshi wenyewe ni nyingine. Na mi nimekulia humo, likizo zote za shule ya msingi tulikuwa tunafunga majani kwenye fito, mikono inaganda utomvu mweusi ambao sabuni haiutoi, unakula ugali unasikia uchungu mpaka tonge la mwisho. Baba mdogo akapiga pafu moja, akakohoa, akanirudishia. "Mvuke nimeuona. Tumbaku umeiacha wapi?"

Na kweli, ile niliyokuwa nayo siku hiyo imeandikwa ladha ya tumbaku. Uongo. Ni sukari iliyoungua na vanila. Mtu aliyewahi kufungua mlango wa bani asubuhi jani limeiva, ile harufu ya asali na nyasi kavu inayokupiga usoni, hawezi kudanganywa na kichupa. Nikajaribu ya embe, hiyo nayo Tabora ni matusi, msimu ukifika dodo zinaoza chini ya miti barabarani halafu we unanunua harufu yake kwa elfu ishirini na tano. Nimebaki na ya minti, haijifanyi kuwa kitu kingine.

Kwa mtu wa karakana nina malalamiko matatu. Vumbi la mbao linaziba kile kitundu cha hewa pembeni, ukivuta inakuwa nzito au haiwaki kabisa, kila jioni natoboa kwa sindano na kupuliza. Inavuja chini ya podi, hasa ikikaa mfuko wa suruali na jua hili, ukiitoa podi unakuta unyevu, unafuta na tishu, usipofuta inasumbua kuwaka. Na chaji. Betri inanitoa asubuhi mpaka jioni ikiwa mpya, sasa hivi saa kumi imeshaanza kupepesa, na juzi umeme ulikatika toka mchana mpaka usiku wa manane, simu imezima, vepu imezima, nikajikuta nimesimama dukani kwa Mangi na mia mbili mkononi. Nilivuta, sifichi. Fegi haijawahi kuniambia subiri umeme urudi.

Kitu kingine bosi wetu, ambaye alikuwa anafukuza mtu mwenye fegi hatua ishirini kutoka kwenye maranda, na ana haki, hii anairuhusu ndani. Ila siku tunapiga vanishi na thina imejaa hewani mi natoka nje tu, ndani ya hiki kidude kuna waya unaopata joto, sitaki kuwa mfano.

Mazuri yapo na ni makubwa. Wiki tatu za mwanzo nilikohoa zaidi, nikatukana pesa yangu, kisha ikakatika, sasa hivi nalala mpaka adhana. Pua ndo ilinishangaza. Mwezi wa pili wa vepu nilikuwa napasua ubao wa mninga nikasimamisha mashine nikidhani kuna mtu kapita na kitu cha kunukia, kumbe ni mbao. Miaka kumi na saba naikata na nilishasahau kama inanukia.

Hela, wale wanaosema utaokoa hela sijui wanavuta nini. Fegi kumi na mbili kwa mia mbili mbili ni 2,400 kwa siku, mwezi 72,000. Vepu, chupa inanipeleka siku ishirini, podi 8,000 inakaa siku kumi kisha koili inaanza ladha ya majivu, nauli ya mzigo, weka yote unapata kama 66,000 hivi. Tofauti ni hela ya boda ya kwenda stendi kuuchukua huo mzigo. Ukiongeza ile chupa ya 50 iliyolala juu ya kabati nimepata hasara.

Mtu akiniuliza achukue au asichukue namuuliza kwanza unavuta? Kama huvuti kaa mbali kabisa, nikotini ni ile ile na utaning'inia kwenye chaja bure, na watoto wa sekondari wanaokuja kuniuliza ya embe bei gani nawafukuza kama bosi anavofukuza fegi. Kama unavuta kama nilivokuwa navuta, chukua, anzia 20, vuta taratibu, na tafutia mikono kazi mapema kabla haijaanza kuokota misumari. Mi Jumamosi tukishalipwa bado navuta fegi moja, wakati mwingine mbili, kwa kiberiti, nimekaa chini ya mwembe. Sijaona sababu ya kudanganya.

Kifaa nakipa tatu na nusu kwa tano, muuzaji moja, na hiyo moja ni ya kupokea simu. Kwa watakaoagiza, podi chukueni za omu 1.2 (ni ukinzani wa koili), hizi za 0.8 zinakunywa juisi kama ng'ombe wa kiangazi. Zangu tano ziko kwenye basi toka jana, na konda hapatikani.