Faiba ya Mito Ndani ya Boksi la Wufa: Inafaa, Ila Ipimwe

Kwa boksi la wufa (spika ya besi) lililozibwa kabisa, lisilo na tundu la hewa, faiba nyeupe ya polista ya kujazia mito ndiyo tunayoipendekeza kwa wenzetu wa Kisumu. Itafute kwa wauza mito wa soko la Kibuye, ila chukua shada dogo ulichome kwa kiberiti kwanza. Polista huyeyuka na kuacha shanga ngumu. Pamba huacha jivu na harufu ya karatasi iliyoungua. Pamba iache: hunywa unyevu, ikagandamana.

Wufa inapobana hewa, hewa hiyo hupata joto na kukaza. Nyuzi hulinyonya joto, na boksi likafanya kazi kana kwamba limeongezeka asilimia 10 hadi 25. Chukua boksi la lita 30 na wufa yenye Vas (kiasi cha hewa kinachonyumbuka sawa na mashikizo ya koni yake) ya lita 60: ongezeko la asilimia 15 litashusha mwangwi (masafa ambayo wufa ndani ya boksi hutetemeka yenyewe kwa urahisi) wa Hz 45 hadi 43 hivi, na Qtc (kipimo cha jinsi besi inavyovuma kwenye mwangwi huo) ya 0.90 hadi karibu 0.86. Besi inayovuma noti moja itapungua makali, lakini boksi dogo la chini ya kiti halitageuka kubwa.

Anza na gramu 8 kwa lita, yaani gramu 240 kwa boksi hilo, ukipima kwa mizani ya jikoni. Usivuke gramu 16 kwa lita. Ichambue kwa vidole hadi pasibaki donge, uieneze boksi zima bila kushindilia, maana ikishindiliwa inakula nafasi ya hewa yenyewe. Kwenye matatu, mashimo ya barabara huisukumia upande mmoja. Tandaza kipande cha chandarua juu yake, ukipige stepla pembeni, na uache sentimita 5 nyuma ya sumaku. Nyuzi zikiziba tundu la sumaku, koili (waya uliozungushwa unaosukuma koni) hukosa upepo wa kuipoza.

Sponji ya godoro inayopitisha hewa husaidia, ila ikizeeka humomonyoka. Pamba ya kioo inafanya kazi vizuri, lakini inawasha ngozi na kudai glavu na barakoa. Kwa boksi la nyumbani haina haja.

Yote haya ni baada ya kuziba maungio. Yapake povu la sabuni, cheza besi, na panapotoka viputo paka silikoni kwa ndani. Harufu yake ya siki iishe kabisa kabla wufa haijafungwa, kwani mvuke huo hula shaba.