TAHADHARI: Kuna jamaa anauza bodi za kusurf zilizokatika kama nzima, Malindi mpaka Diani

Jamani kabla hamjatuma pesa kwa mtu yeyote anaeuza bodi mtandaoni msimu huu wa kusi someni hii, na kama una rafiki anatafuta bodi mtumie. Kuna jamaa anazunguka pwani, leo yuko Malindi kesho anasema yuko Kilifi, wiki ijayo utamsikia Diani, anachukua bodi zilizokatika vipande viwili anaziunga ovyo, anazipuliza rangi na kuziuza kama hazijawahi kuguswa. Jina simtaji kwa sababu analibadilisha kila akaunti ikichafuka, ukilijua la leo kesho halikusaidii kitu. Ambacho hakibadiliki ni vile anavyofanya kazi.

Mimi natengeneza bodi hapa Malindi, faiba (kile kitambaa cha nyuzi za kioo) na rezini (gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu) ndo mkate wangu, kwa hivyo naziona zikiwa wazi mpaka ndani. Tangu kusi lianze naletewa bodi na watu wanalalamika mara inazama mkiani, mara inavuta upande mmoja, mara rangi imepasuka katikati kama ufa wa ukuta, na kila nikiuliza umenunua wapi hadithi ni ile ile. Kuna mgeni anasafiri kesho usiku, bodi hawezi kubeba kwa ndege, anataka tu iende kwa mtu anaependa bahari, bei ya kutupa, wa kwanza kutuma ndo wake. Na hii hadithi inaingia akilini kwa sababu ni kweli bodi nyingi za huku tunazipata hivyo hivyo, wageni wanaondoka wanaziacha, duka la bodi hakuna pale barabarani useme utaingia uchague. Yeye amekaa hapo hapo kwenye shida yetu.

Sasa nieleze moja niliyoifungua mwenyewe. Bodi ya njano, futi saba, ameuziwa kijana mmoja wa beach kwa 28,000, pesa ambayo amekusanya kidogo kidogo kwa kazi ya kubebea watalii mizigo na kuosha maboti. Nilipoishika tu mkono ukaniambia. Nikaipeleka kwa jamaa wa samaki tukaining'iniza kwenye mizani yake, kilo saba na robo! Bodi ya epoksi, aina moja ya rezini, ya urefu ule kwa kawaida inacheza kilo nne mpaka tano, hiyo nyingine yote ni maji ya bahari. Nikapiga msasa ile rangi. Chini ya rangi kuna fila, ile ya mafundi wa magari wanayozibia mabodi yaliyogongwa. Chini ya fila kuna faiba imelazwa kwa rezini ya poliesta, ile ya maboti. Na wenye kujua hii kazi washashtuka hapo, maana bodi yenyewe ndani ni ile fomu nyeupe ya punje punje, na poliesta ikigusa fomu ile inaila, inaiyeyusha kabisa, lazima utumie epoksi. Basi alipounga ndo alipozidi kuharibu, nilikuta shimo ngumi yangu inaingia. Ule ubao mwembamba wa katikati unaoshika bodi yote umekatika na haukuungwa, ameacha vipande vimetazamana tu. Nilipoisimamisha maji yakaanza kutoka yananuka.

Yule kijana alikaa chini hakusema kitu. Na huyu tapeli alikuwa amemwambia, tena kwa voisi note ninayo, kwamba bodi imekaguliwa na fundi wa Malindi na ni safi. Fundi wa Malindi gani? Mimi sijamwona uso, bodi zake zote nazijua zikishakuja zimekufa. Kutumia kazi ya mtu kumuibia mtoto wa mtu, hilo limenikera kuliko yote.

Na msidhani hapa ni hasara ya pesa peke yake. Ghuba ya Malindi mawimbi yanafika mpaka mchangani, hapo bodi ikikukatikia unaweza kurudi na miguu. Lakini Watamu, Kilifi, Diani, wimbi linapasuka kule nje mwambani, unapiga kasia za mikono kupita maji yote ya ndani mpaka ufike. Maji ya bamvua yakianza kupwa yanatoka yote kupitia mlangoni, lile pengo la mwamba, na mkondo wake hauchezewi. Ukiwa kule bodi ndo chombo chako, ndo unaegemea ukichoka. Bodi iliyoungwa na fila haikatiki ukiwa ufukweni unapiga picha, inakatika wimbi kubwa la kwanza likikuangukia, na wanaouziwa hizi ni wale wanaoanza, hata kuogelea wengine bado hawajakomaa.

Mchezo wake wa pili ni kuwauzia wanaoanza bodi za kaiti, zile za kuvutwa na tiara kubwa, akisema ni za kusurf. Pwani yetu bodi za kaiti zimejaa, na zile zenye pua zinafanana sana na za kawaida kama hujazoea. Lakini ile inavutwa na upepo, haihitaji kuelea sana, nyingi zina lita ishirini na kitu tu. Mtu mzima wa kilo sabini anaejifunza anahitaji mara mbili mpaka tatu ya hapo. Utalala juu yake itazama na wewe, utapiga mikono mpaka mabega yaume na wimbi hulishiki, utaenda nyumbani ukisema mimi huu mchezo siuwezi, kumbe bodi. Angalia juu pale miguu inapokaa, bodi ya kaiti ina matundu madogo ya skrubu ya kufungia mikanda. Yeye anayaziba na kumwaga nta juu, ile tunayopaka miguu isiteleze. Kwangua nta. Muuzaji akikukataza kukwangua nta hapo biashara imeisha, ondoka.

Ya tatu ndo ya kawaida, picha za wizi. Anataka deposti nusu, eti bodi inakuja na basi, ukituma tu simu inakuwa mteja na WhatsApp ashakublok. Muombe video hapo hapo, aigeuze chini juu, achomoe mapezi yote ya chini akuonyeshe vikasha yanamochomekwa, aweke kidole mahali utakapomwambia wewe. Mwenye bodi kweli hiyo ni kazi ya dakika moja. Huyu atakwambia bando limeisha. Na kwenye M-Pesa soma lile jina linalotokea kabla hujathibitisha, kwa watu walionijia jina halikuwahi kufanana na la akaunti hata mara moja, na wote waliliona wakaambiwa ni namba ya shemeji.

Ukikutana na bodi ana kwa ana, iende juani, jua lile la asubuhi linalopiga kwa pembeni ndo zuri, uitazame kwa urefu kutoka mkiani uone kama kuna mahali mwanga unavunjika au unapiga wimbi. Bonyeza na kidole gumba bodi yote hasa katikati na unaposimama mguu wa nyuma, ikibonyea au ikilia krr faiba imeachana na fomu. Gonga na kifundo cha kidole, mlio ukibadilika ghafla kutoka mkavu kuwa mzito uliza pana nini. Rangi mpya juu ya bodi ya zamani ni swali kubwa sana, bodi iliyokaa juani inageuka manjano na hiyo haina shida, nzee yenye viraka vinavyoonekana naichukua mara mia kuliko hiyo inayong'aa. Na ipime, kila beach ina mtu wa samaki mwenye mizani.

Mliotuma deposti leo au jana usikae kumbembeleza kwenye simu, ile meseji ya M-Pesa iforwadi 456, namba ya Safaricom hapa Kenya, sasa hivi kuomba irudishwe, pesa akishaitoa kwa wakala inakuwa ngumu sana. Namba yake mripoti 333. Kisha nenda kituo cha polisi uandikishe upewe OB namba, ile ya kitabu chao cha matukio, hata kama ni pesa ndogo, mkiwa wengi mmeandikisha namba moja ndo anashikika. Yule kijana wa bodi ya njano ashaandikisha na skrinshoti zake zote ziko. Wengine mnaogopa kuchekwa eti mmepigwa, nawaomba muende.

Na kama ushanunua bodi ya bei ya kutupa kutoka kwa mgeni anaesafiri kesho usiku, hasa ya futi sita na nusu mpaka saba na nusu yenye rangi moja juu na chini, usiingie nayo kwanza. Niletee niikague, sichukui hata shilingi kwa kuangalia. Ukiwa mbali, Dar, Unguja au kokote, nitumie inboksi video ya juani na uzito wake nitakwambia kama ni ya kuingia nayo majini au la.