Chai Taj Mahal Palace, Mumbai: uzoefu wangu

Ukienda Mumbai, iwe kwa biashara au kumsindikiza mgonjwa kama wengi wetu tunaotoka Dar, jioni moja ipeleke mtaa wa Colaba kwenye hoteli ya Taj Mahal Palace. Kulala pale ni juu ya uwezo wangu, kwa hiyo mimi na binamu yangu tuliingia kunywa chai tu, tukajikuta tumekaa mpaka taa za nje zikawashwa.

Hoteli ina majengo mawili yaliyoshikana. Mnara mrefu ni wa 1973, na nikisema kweli haunivutii. Kinachokupeleka ni jengo la zamani: kuba kubwa nyekundu katikati, nyingine ndogo pembeni, matao ya Kiislamu, roshani za Kirajput (mtindo wa watawala wa zamani wa Rajasthan), na juu ya hayo yote mkono wa Ulaya. Aliyezoea jumba la makumbusho la Beit el-Amani pale Mnazi Mmoja, Unguja, ataona undugu, ingawa ile ni ya 1925.

Wageni wengi hudhani hoteli ilijengwa ili itazamane na Lango la India, lile tao kubwa la ukumbusho lililo mbele yake ufukweni. Sivyo. Hoteli ilifunguliwa Desemba 16, 1903. Lango lilikamilika 1924. Ndugu zangu wa kutembeza wageni pale nje watakuambia pia kwamba mafundi waligeuza ramani, mbele ikawa nyuma, na msanifu akajiua kwa uchungu. Hadithi tamu, lakini ya uongo. Sitaram Khanderao Vaidya, aliyesanifu pamoja na D. N. Mirza, alifariki kabla jengo halijaisha, na Mwingereza W. A. Chambers ndiye aliyelimalizia. Mlango mkuu uliwekwa upande wa mjini kwa makusudi, magari ya farasi yaingilie huko. Leo hapo kuna bwawa la kuogelea.

Mwenye mradi alikuwa Jamsetji Tata, tajiri wa Kiparsi, yaani Mhindi wa jamii ya Wazoroasta wenye asili ya Uajemi. Inasimuliwa sana kwamba alijenga kwa hasira baada ya kukataliwa kwenye hoteli ya Wazungu watupu; wapo wanahistoria wasiokubali kisa hicho. Hasira au la, alikusanya vya dunia nzima: feni za Marekani, lifti za Ujerumani, mabafu ya Kituruki. Hakuifaidi hoteli yake sana, maana alifariki Mei 1904. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, jengo likageuzwa hospitali ya vitanda 600.

Ndani, usikimbilie meza. Simama chini ya ngazi kuu uangalie juu. Ngazi zinapanda zikiwa zimeshikwa na ukuta upande mmoja tu, huku katikati pakiwa wazi hadi kwenye kuba. Shika na reli ya chuma iliyofumwa maua, uone kazi ya fundi. Binamu yangu ni fundi ujenzi. Alibaki anapiga hesabu ya uzito kwa vidole, chai ikampoa.

Jengo hili la zamani ndilo lililoungua vibaya katika shambulio la kigaidi lililoanza Novemba 26, 2008. Mnara ulifunguliwa tena Desemba hiyo hiyo, lakini jengo la zamani lilingoja hadi Agosti 2010. Ukumbusho una majina ya watu 31 waliouawa humo, wageni na wafanyakazi pamoja. Tuliusoma wote, hakuna aliyeongea.

Chai tulinywa Sea Lounge, ghorofa ya kwanza, madirisha yakitazama Lango na boti za kwenda kisiwa cha Elephanta. Huduma safi, wahudumu hawakuharakishi. Bei ni ya hoteli kubwa, jipange. Mlangoni mizigo inapitishwa kwenye mashine na wewe unakaguliwa, kwa hiyo usiende na mabegi ya manunuzi ya Colaba. Kandambili ziache ulikofikia. Na piga simu mapema uwekewe meza ya dirishani, kwa sababu ukikaa katikati ya ukumbi bahari utaisikia kwa wenzako.