Laibrari ya kuprinti risiti, sapoti yao inakera

Jamani hawa watu wa laibrari ya kuprinti risiti (kodi iliyoandikwa tayari, unaiunga kwenye programu yako) wamenichosha. Tunawalipa kila mwaka, sosi kodi wanatupa, hapo sina neno. Juzijuzi tumehamia mfumo wa Debian 13 unaokuja na GCC 14, kompaila inayogeuza kodi kuwa programu, nikabildi upya, ikagoma palepale kwenye faili lao: funksheni inaitwa wakati haijatangazwa popote, heda, yaani faili lenye hayo matangazo, hawakuiweka. GCC za nyuma zilikuwa zinatoa woning tu mambo yanaendelea, hii ya 14 imeifanya eror kamili. Na wala sio sheria mpya, lugha ya C yenyewe ilishaikataa tangu 1999, GCC ikawavumilia watu miaka 25 hadi 2024!

Nikawaandikia kwa heshima zote, namba ya mstari nimewawekea. Jamaa wa sapoti anajibu "bosi rudisha tu kompaila ya zamani, sisi huku inabildi fresh". Nikamuuliza marekebisho yanatoka lini, eti "weka -fpermissive kaka itapita". Itapita! Hiyo inairudisha eror kuwa woning tu, ugonjwa unabaki humohumo.

Maana funksheni yenyewe inarudisha pointa, yaani anwani ya mahali kwenye memori, na kompaila isipoona tangazo inachukulia inarudisha int, namba ya biti 32, kwa hiyo anwani ya biti 64 inakatwa inabaki 32. Anwani ikiwa ndogo inapita salama, ikiwa kubwa programu inakufa hapohapo, mteja kasimama kaunta anasubiri risiti yake. Na hilo la kufa ghafla tumewalalamikia mpaka basi, hasa risiti zikiwa ndefu, jibu lao siku zote "RAM yenu ndogo". Tumenunua RAM!!

Siku ya kwanza nilitaka niiseme vibaya GCC 14, lakini hapana, ndiyo pekee iliyonionyesha ugonjwa ulipo, wakati tunaowalipa wananiambia niizibe mdomo. Nimeongeza #include moja ya kuita ile heda juu ya faili, risiti ndefu zinatoka mpaka mwisho na programu haijafa tena.

Ikishawekewa heda laibrari ni nzuri kweli, herufi safi, inakata karatasi vizuri, ningewapa nyota tatu. Ila nikikumbuka ile hela ya RAM, moja, na hata hiyo naitoa kwa shingo upande. Marekebisho nimewatumia bure kabisa, faili la kupakua kwao mpaka leo ni lilelile.