Vifungashio vya sabuni ya maji na losheni: kipi ununue kwanza, kipi ukiache

Kwenye vifungashio, rangi zinazodanganya zaidi ni kijani na kahawia. Mteja akiona karatasi ya kaki yenye picha ya jani huamini kwamba ameyatendea mema mazingira, hata kama kwa ndani mfuko umebandikwa plastiki. Sisi tumepanga kwa kuuliza maswali mawili: je, kinamvutia mtu rafuni, na je, uzuri huo hautakwamisha urejelezaji baadaye?

1. Chupa imara ya kujazwa tena. Mteja anunue chupa nzuri yenye pampu mara moja tu, kisha awe ananunua sabuni ya kujazia katika chupa nyepesi yenye kifuniko cha kawaida. Pesa ya ubunifu iweke hapa: umbo lisiloteleza kwenye mkono wenye povu, maandishi yasiyobanduka kwa maji. Kagua namba za shingo. Pampu ya 28/400 na chupa ya 28/410 zina kipenyo kimoja (milimita 28), ila idadi ya mizunguko ya uzi na urefu wa shingo ni tofauti, na sabuni inaweza kuvuja njiani. Tafuta pampu isiyo na springi ya chuma, kwa sababu chuma kikichanganyika na plastiki huifanya pampu iwe ngumu kurejelezwa.

2. Chupa ya PET isiyo na rangi (plastiki ya chupa nyingi za maji, yenye alama ya namba 1). Kwa anayeanza, hii ndiyo salama. Rangi ya bidhaa yenyewe iwe ndiyo pambo. Kosa kubwa ni lebo inayovalishwa chupa nzima: ikiwa ni ya plastiki aina ya PVC au PETG, huzama majini pamoja na PET wakati wa kutenganisha, na kuiharibu. Chagua lebo ndogo ya plastiki aina ya PP, ambayo huelea, yenye gundi inayoachia kwenye maji ya kuoshea. Chupa nyeusi inapendeza, lakini ikiwa imetiwa rangi ya kaboni, mashine nyingi za kuchambua kwa mwanga haziioni.

3. Alumini. Ina mvuto wa kifahari, na kuiyeyusha upya huokoa takribani asilimia 95 ya nishati ya kutengeneza alumini mpya. Hata hivyo, sabuni ya potashi huila. Mwombe muuzaji chupa yenye utando wa ndani, uijaribu na bidhaa yako kwa wiki kadhaa kabla ya kuagiza nyingi.

4. Kioo. Kinafaa mafuta na losheni za mezani, si bafuni. Ni kizito kusafirisha, na huvunjika.

5. Pochi (mfuko) ya kaki yenye plastiki, na chupa za PLA (plastiki itokanayo na mimea). Pochi ina tabaka zilizogandamana zisizotenganishika kirahisi. PLA huhitaji mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 58 za Selsiasi, si lundo la nyuma ya nyumba, na ikiingia kwenye PET huichafua. Kama hakuna mtambo huo wateja wako wanakoishi, neno “huoza” lisikae kwenye lebo yako.