Boksi la Mizigo la Juu ya Gari: Ujazo Uangaliwe Mwisho

Maboksi ya mizigo yanayofungwa juu ya paa hutangazwa kwa lita, 300, 400, 500 na kuendelea, na mnunuzi huvutiwa na tarakimu kubwa. Baada ya kutumia boksi refu jembamba la lita 400 hivi kwenye gari dogo ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu, na kulilinganisha na jingine fupi lililo pana, naona kwamba ujazo ndio unaostahili kuangaliwa mwisho.

Kwanza ni uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba gari likiwa katika mwendo, na kiwango hicho kimo katika kitabu cha gari, si kwenye lebo ya boksi. Hujumlisha kila kilichopo juu: vyuma vya keria (vile viwili vinavyokatiza paa na kushikilia boksi), boksi lenyewe na mizigo. Paa likiruhusiwa kilo 75, vyuma vikawa na kilo 5 na boksi kilo 20, mizigo inabakiwa na kilo 50 tu, hata kama boksi limeandikwa kuwa linabeba 75. Keria nayo ina kikomo chake, na kinachofuatwa ni kile kidogo kuliko vyote. Kwa hiyo juu huwekwa nguo, mablanketi na mahema. Madumu ya maji na vyakula vya makopo hukaa kwenye buti, kwani uzito wa juu huyumbisha gari kwenye kona.

Kipimo kinachosahaulika zaidi ni cha mlango wa nyuma. Ufungue hadi mwisho, kisha pima kuanzia chuma cha mbele cha keria hadi pale ukingo wa mlango unapofika juu ya paa. Boksi langu refu lilinilazimu kulisogeza mbele hadi pua yake ikatokeza juu ya kioo, na hata kusogeza huko kuna mpaka, kwa sababu vibanio vinavyolishika boksi kwenye vyuma vya keria huteleza ndani ya masafa maalumu tu, ambayo lazima yalingane na umbali kati ya vyuma viwili. Antena nayo isisahaulike. Lile fupi halikugusa mlango kabisa, ila lilimeza upana wote wa paa, pasibaki nafasi ya baiskeli, na vitu virefu haviingii. Mwenye gari ambalo buti lake halipandi juu ya paa anaweza kuchagua refu bila wasiwasi. Wengine ningewashauri fupi.

Vibanio vya kuzungusha kwa mkono hadi vilie ni bora mno kuliko bolti zenye nati za kukaza moja moja. Kufunguka pande zote mbili pia kunastahili nyongeza ya bei. Nililipenda kufuli: ufunguo hauchomoki mpaka kila lachi iwe imeshika. Sikuupenda ukingo wa nyuma, ambao hupitisha vumbi laini na, mvua ikinyesha kwa upepo, matone machache.

Boksi huongeza kelele na matumizi ya mafuta hata likiwa tupu, hivyo halipaswi kuachwa juu bila kazi. Kabla ya kununua, tafuta mahali pa kulihifadhi. La aina yangu linakaribia mita 2, na likisimamishwa huhitaji ukuta wa kuliegemeza na kamba ya kulizuia lisianguke.