Tairi "jipya" la Ngamiani lililonipasukia kabla ya Hale, na maneno niliyoambiwa niliporudi dukani

Jamani wana Tanga, hasa nyie mnaotembelea pikipiki, kama unafikiria kununua tairi siku hizi maeneo ya Ngamiani naomba usome hii mpaka mwisho. Ni ndefu, lakini nina uchungu sana na sijui pa kuupeleka. Jina la duka sitaji, sitaki kesi na mtu. Yaliyonikuta nitayasema yote.

Mimi nina Boxer, yangu mwenyewe, nimeinunua kwa pesa ya visheti na maandazi, nasambaza madukani kila asubuhi kuanzia Chumbageni mpaka Mwanzange, leseni ninayo na huu mwaka wa sita niko barabarani. Nayasema haya mapema kwa sababu mbele huko utaona kwanini.

Tairi la nyuma lilikuwa limeisha kabisa, limebaki kipara, nikaenda kwenye hilo duka. Na niwe mkweli, sio duka nililoliokota tu njiani, nilishanunua cheni na sproketi kwao na mpaka leo zinapiga kazi, kwa hiyo nilikwenda kwa imani. Yule kaka akanitolea tairi, akalipiga piga kofi, "hili jipya dada, hili utalisahau". Linang'aa jeusi tii. Nikalipa 55,000 bila kuvutana sana, risiti ya mashine hakunipa, alinipa kakaratasi ka kuandika kwa kalamu, na mimi kwa haraka zangu nikachukua. Kijana wao akanifungia pale pale nje. Nikaondoka nimefurahi kweli, yani ile raha ya kujua nyuma uko salama.

Wiki mbili hazijafika.

Tulikuwa na arobaini ya mama mkubwa wangu Korogwe, kisomo baada ya adhuhuri, na mimi nimepewa kazi ya visheti. Nimepika usiku kucha, nimejaza ndoo ya lita 20, nimeifunga kwenye karia kwa mpira. Asubuhi Kange nikapita kituo cha mafuta nikajaza upepo, nyuma 32, nasimamia hapo, asije mtu akaniambia sikuangalia upepo. Pongwe nimepita, mashamba ya mkonge yote yale, Muheza nikasimama nikanunua machungwa, pikipiki iko sawa kabisa, hata kutetemeka haikutetemeka.

Nimeiacha Muheza, naelekea Hale, niko kwenye hamsini sitini hivi. Nikasikia paa! Nilidhani ni gari limenigonga kwa nyuma, wallahi, sauti ilikuwa kubwa hivyo. Halafu nyuma yote ikaanza kucheza, kulia kushoto, kulia kushoto, kama kuna mtu kashika karia anaitingisha kwa makusudi, na nyuma yangu kuna semi nalisikia linapiga honi, ile honi ndefu. Kilichoniokoa kwanza Mungu, pili mwalimu wangu wa udereva, maana yule mzee alikuwa anatuimbisha kila siku kama wimbo: nyuma ikipasuka usikanyage brek ya nyuma, achia mafuta taratibu, shika usukani unyooke, brek ya mbele bana kidogo kidogo mpaka isimame yenyewe. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unataka kukanyaga, ulikuwa unaniwasha kukanyaga, nikaukatalia. Nikatoka pembeni kwenye majani. Semi likapita pale pale, upepo wake ukanipiga mgongoni.

Nikashuka, miguu haina nguvu, nikakaa chini. Ndoo ilikuwa imepinduka imening'inia kwenye mpira, mfuniko umetoka, visheti vimemwagika kuanzia kule lami mpaka miguuni kwangu, sukari imeshika mchanga. Nilivitazama vile visheti nikalia. Sikulia sababu ya visheti, lakini nilivitazama hivyo.

Bodaboda mmoja akasimama, Mungu ambariki, akasema nisiisukume maana rimu itaharibika, akaenda Hale kuniletea fundi pancha. Sasa huyu fundi ndio nilipanga kumlalamikia mwanzoni, nisifiche. Kaja na kifurushi chake, mitarimbo miwili, pampu ya mguu, spana, kabla hata ya salamu kaangalia tairi kanitolea macho: "Dada unasafirije na tairi kama hili, unatafuta kufa?" Nilipandwa na hasira! Mtu nimetoka kufa sasa hivi, wewe unanisimanga? Nikamjibu vibaya, nikamwambia hilo tairi jipya, lina siku kumi tu, fanya kazi yako.

Akanyamaza. Akafungua gurudumu, akalilaza juu ya gunia, akachovya kitambaa kwenye petroli kidogo akafuta ubavu wa tairi. Kitambaa kikatoka cheusi. Kumbe ule mng'aro wote ni dawa ya kung'arishia imepakwa, na chini yake, jamani, ule ubavu ulikuwa umechanika chanika vijistari vidogo vidogo kama tope lililokauka bwawani. Akaukunja kwa vidole, vile vijistari vikafunguka, unaona uzi wa ndani. Na pale lilipopasukia ni mpasuko mrefu kama kidole changu cha kati, tyubu ilitoka pale pale ikachungulia nje ikalipuka. Msumari hakuna, chuma hakuna, rimu nzima, mkanda wa ndani upo. Alinionyesha kimoja kimoja, taratibu, tena sasa kwa upole.

Halafu akaligeuza upande wa pili, ule uliokuwa umekaa upande wa cheni, akanionyesha kidude cha mviringo kina namba nne: 1716. Akaniambia dada hizi mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya 17, mwaka 2016. Ndio tarehe ya kuzaliwa kwa tairi. Mimi miaka sita naendesha sikuwahi kuambiwa hicho kitu, na namba hiyo mara nyingi iko upande mmoja tu, ukifungiwa imeangalia ndani huioni mpaka uiname. Akasema raba inakauka hata kama haijatembea kilomita moja, jua ndio linaimaliza zaidi. Na mimi nikakumbuka pale dukani matairi yananing'inizwa nje kutwa nzima, jua la Tanga hili mnalijua.

Alinifungia tairi lililotumika ila lina meno na namba yake tukaisoma wote wawili, na tyubu nyingine, jumla 30,000 na nauli ya bodaboda ndani. Mtu anaweza kusema ni ghali kwa mtumba. Mwanzo hata mimi nilisema kaniona mgeni kanikamata. Lakini kwa alichonifundisha pale chini ya mwembe ningempa hata hamsini, na niliomba radhi kwa nilivyomjibu. Kwa hiyo fundi wa Hale nimemfutia kila kitu, tena nampa alama zote.

Korogwe nilifika kisomo kimeisha, mikono mitupu. Hilo sitaliongelea.

Sasa narudi dukani. Na hapa nisikilizeni, maana kwa kweli mpaka naingia pale mlangoni sikuwa nimewachukia. Nilijiambia labda hawakujua, labda waliuziwa na wao mzigo wa zamani, labda ile dawa kaipaka kijana tu kwa ajili ya vumbi, binadamu hukosea. Nilibeba tairi begani, nikampa salamu vizuri, nikamwonyesha mpasuko, nikamwonyesha namba. Ningepewa jingine ningeshukuru nikaenda zangu, hata hii nisingeandika.

Yule kaka hakulishika tairi. Hakuinama kuiangalia namba. Aliniangalia mimi, akaangalia nyuma yangu kama anatafuta mtu, akauliza: "Mwenye pikipiki yuko wapi?"

Nikamwambia ni mimi.

Akasema: "Basi dada mwambie mumeo au kaka yako aje, haya mambo ya matairi wewe hutayaelewa, tutaongea na yeye."

Mbele ya wateja, wanaume kama wanne wamekaa kwenye benchi. Mmoja akacheka. Mimi ndiye niliyempa 55,000 kwa mkono wangu, siku ile hakuuliza mume yuko wapi. Siku ile nilikuwa naelewa. Mimi ndiye niliyekuwa juu ya ile pikipiki na semi nyuma yangu, mguu wangu ndio uliokataa kukanyaga brek, halafu wewe uliyekaa kivulini unaniambia sielewi tairi? Nikamuuliza hizi namba nne maana yake nini, nisomee. Hakujibu. Akaonyesha kidole ukutani, kumeandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sawa, lakini huko si kumaanisha mtu kabadili mawazo, kaona rangi haimpendezi? Hili tairi lilikuwa bovu tangu lilipokuwa limening'inia pale mlangoni kwake, hayo maandishi hayawezi kugeuza raba ya 2016 ikawa mpya. Akasema na risiti iko wapi. Nikatoa kakaratasi kake. Akasema hiyo sio risiti.

Jamani. Kaandika yeye mwenyewe!

Nilianza kuandika hii nikitaka kusema vipuri vyao vingine ni vizuri, cheni nunueni, matairi tu ndio muwe waangalifu. Nafuta hiyo kauli. Sinunui kwao hata nati. Mtu anayeweza kupaka dawa mauti akakuuzia, halafu ukirudi mzima akakuuliza mume wako yuko wapi, huyo hata bisibisi yake siitaki. Kuna watu wamenishauri nipeleke FCC, Tume ya Ushindani, kwamba ndio wanaoshughulikia haki za mlaji, na hilo tairi sijalitupa, liko barazani hapa nyumbani limefunikwa gunia pamoja na ile tyubu na kile kikaratasi. Mama anasema niache, nimshukuru Mungu nimepona, hasara ya pesa hurudi. Pesa mimi nishaisamehe. Lile neno ndio halishuki kooni.

Na kuna kitu kimoja kinachoninyima usingizi zaidi ya lile neno, ndio maana nimekesha kuandika. Nilipokuwa natoka, nimepakia tairi langu kwenye karia, yule kijana wao wa kufunga, aliyenifungia siku ile, alinifuata mpaka kwenye kona. Hakuweza kunitazama. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada samahani, mimi nilitumwa tu." Halafu akaangalia nyuma, akasema: "Yapo mengine manne kama hilo, mzigo mmoja. Jana tumeyapaka dawa."

Manne. Namba 1716. Muiname muangalie upande wa cheni.